Umebakiza, Dada

Kiongozi alipoingia nyumbani kwa mtu alivua viatu mlangoni, kama sisi wote, kisha akainama na kuvigeuza ncha zitazame barabara. Alifanya hivyo kwetu, kwa seremala wa mtaani, hata kwa Hajati jirani yetu Mwislamu alipokwenda kumpa pole ya msiba. Mama alisema huo ni unadhifu wa mtu aliyelelewa na wamisionari. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu yamezoea kutafuta mshono uliofichwa, na nilisema moyoni kwamba huyu anajua siku moja atatoka mbio.

Jina lake nalijua, lakini nitamwita Kiongozi, kama tulivyomwita wote pale Nyamirambo. Alikataa kuitwa mchungaji kwa sababu hakusomea, na alikataa kuitwa mzee kwa sababu, alisema, uzee si kazi. Alikuwa mtunza ghala wa kahawa kule Gikondo. Mwaka mzima alinuka magunia ya kahawa na hakuna aliyemwona akiinywa. Kwetu alipewa maji ya moto matupu, akayanywa polepole huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, na Mama aliona hata hilo ni utakatifu. Mimi niliona ni njia ya kutodaiwa shukrani na mtu yeyote.

Sisi tulikuwa walokole, watu wa uamsho. Kila Jumatano jioni tulikusanyika sebuleni kwa mmoja wetu, na aliyeguswa alisimama akatubu mbele ya wote. Kutubu kwa siri hakukuhesabiwa. Kutubu hadharani tulikuita kutembea nuruni. Ukimaliza, mtu alianzisha wimbo wa shukrani, wote wakapiga makofi, nawe ukakaa ukijua umeoshwa. Kama dhambi yako ilimuumiza mtu, hukuimbiwa mpaka uende kwake kwanza, umwambie usoni. Nimeona watu wazima wakitoka katikati ya kikao, usiku wa mvua, kwenda kugonga mlango wa jirani waliyemsengenya.

Kiongozi ndiye aliyeamua kama wimbo uanze. Alikuwa na neno moja alilotumia kumzuia mtu aliyetaka kukaa mapema: umebakiza. Nakumbuka siku nilipotubu kwamba namwonea wivu fundi mwenzangu aliyefungua duka mkabala na langu.

"Umebakiza, Dada," alisema, bila ukali wowote.

Nikaongeza kwamba niliwaambia wateja mishono yake inaachia.

"Umebakiza."

Nikasema haikuwa kweli, mishono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Hapo ndipo alipopiga makofi, na watu wakaimba. Nilirudi nyumbani mwepesi, siwezi kukana. Lakini nilipokuwa nikivua nguo nilijiuliza alijuaje. Nilianza tangu siku hiyo kumtazama kwa jicho la pembeni, jinsi ninavyomtazama mteja anayejua bei ya kitambaa kabla sijaitaja.

Halafu kulikuwa na ukweli wake. Kiongozi alikuwa ameapa siku alipookoka kwamba hatasema uongo tena mpaka azikwe, na aliapa kwa namna ya watu wasiojua mzaha. Harusini mama wa bibi arusi alimuuliza kama amekula vizuri, naye akajibu kwamba wali haukuiva. Mteja wangu mmoja alijaribu gauni la harusi dukani, akamwona anapita, akamwita atoe maoni. Alisimama, akaangalia, akasema mkono wa kushoto uko juu. Ulikuwa juu kweli, kwa unene wa kidole. Nilifumua mkono mzima na kumlaani kimoyomoyo, laana ambayo nililazimika kuitubu Jumatano.

Siku nyingine alitembea kwa miguu kutoka Nyamirambo hadi Remera, njia ndefu yenye vilima, kwenda kumwomba radhi mwenye duka. Alimweleza kwamba mwezi uliopita, akimwona anapima sukari, alimwaza vibaya. Mwenye duka alimkodolea macho.

"Mimi hata sikujui, muzee. Unataka sukari?"

Kiongozi alitusimulia kisa hicho bila kucheka, na alishangaa sisi tulipocheka.

Mambo haya yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka vita vilipoanza mpakani, Oktoba ya mwaka wa tisini. Baada ya hapo Kigali ilibadilika katika wiki chache. Watu walikamatwa wakiitwa vibaraka wa adui. Wageni wa usiku waliulizwa vitambulisho, na katika vitambulisho vyetu, mimi na Mama na mdogo wangu, kulikuwa na lile neno moja la kabila lililotosha kumfanya askari akunje uso. Cha Kiongozi kilikuwa na neno lile jingine. Kabla ya hapo sikuwahi kulifikiria jambo hilo nikiwa kwenye ushirika wetu wa Jumatano. Sasa nililifikiria kila alipoinama kugeuza viatu.

Mwaka uliofuata mdogo wangu aliondoka. Majirani tuliwaambia amekwenda Bujumbura kujifunza ufundi wa magari. Kwa kweli alipita Burundi, akazunguka huko na huko, akaenda kujiunga na waasi kule kaskazini. Alituachia barua moja tu, na tuliichoma jikoni. Kama jambo hilo lingejulikana, tungechukuliwa mimi na Mama siku hiyo hiyo, na watu waliochukuliwa wakati ule hawakurudi wote.

Mimi niliweza kusema uongo ule huku nimebana pini mdomoni. Mama hakuweza. Kila mtu alipomuuliza habari za mwanawe alijibu "Bujumbura, anaendelea vizuri," kisha akaja nyumbani akalala bila kula.

"Nasali, maombi inafika kwa dari inarudi," aliniambia. "Iko uongo katikati."

"Mama, ukisema, kesho wanakuja kutuchukua."

"Najua, sha. Lakini mimi sitaki kufa na roho nusu."

Ndivyo tulivyoishi. Yeye alitaka kutubu ili roho yake iwe nzima, na mimi nilitaka anyamaze ili tuwe hai. Kila Jumatano nilikaa karibu naye na kumshika mkono, na watu wakadhani ni upendo. Ulikuwa ulinzi. Nilijua kwamba akisimama tu, Kiongozi atamkamua kwa neno lake mpaka tone la mwisho.

Lakini Kiongozi naye alikuwa amebadilika, na sidhani kama kuna mwingine aliyegundua mapema kama mimi. Hakusema tena "umebakiza". Mtu alisimama, akaanza, akafika nusu ya habari, na Kiongozi alikwisha kuanza kuimba. Kijana mmoja alitaka kusema jambo kuhusu binamu yake aliye Uganda, walikotokea waasi, na kabla hajamaliza neno Uganda makofi yalikuwa yamemfunika. Waliotubu ulevi, uzinzi na masengenyo aliwaacha wamalize kwa raha zao, akiinamisha kichwa na kusikiliza vizuri sana. Watu walisema Roho amekuwa wa haraka siku hizi. Mimi nilisema mtu aliyefundisha miaka yote kwamba toba nusu si toba, na sasa anaimbia nusu, ana sababu.

Siku Mama aliposimama nilichelewa kumshika. Tulikuwa kwa seremala, sebule ikinuka mbao mbichi.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi iko na uongo nabeba. Ni juu ya mutoto wangu..."

Kiongozi aliruka kutoka kwenye kiti chake. Aliimba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nimfahamu, akipiga makofi huku amemkazia macho Mama, na wengine wakafuata. Mama alibaki amesimama mdomo wazi. Wimbo ulirudiwa na kurudiwa mpaka akakaa mwenyewe. Machozi yalimtiririka, na wanawake waliokuwa karibu walimkumbatia wakidhani ni ya furaha.

Nilishukuru, na nikaogopa zaidi kuliko nilivyoshukuru. Alijuaje kwamba wimbo unahitajika hapo hapo, kabla ya neno linalofuata? Kama alijua, alijua kutoka kwa nani, na alimwambia nani?

Kesho yake Mama alimfuata kwake, akiwa ameamua kumwambia peke yake ili ampe ruhusa ya kusema mbele ya wote. Alirudi upesi sana. Kiongozi alisimama alipomwona anaanza, akavaa viatu vyake na kutoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Alisema nini?" nilimuuliza.

"Alisema, 'Usiniambie, Mama. Mutu yeyote umwambie, lakini si mimi.' Mungu amenifunga mdomo. Ameona mimi sifai."

Tangu siku hiyo Mama hakujaribu tena. Alikwenda kwenye ushirika, akaimba, akapiga makofi, akarudi. Lakini alikuwa amenyauka, na aliacha kuomba kwa sauti. Nilipata nilichokitaka, na kilinikera kukiona.

Haikupita muda nikapeleka mapazia ofisini kwa konseye, diwani wa segiteri, yaani kata yetu, mtu aliyekuwa na faili la kila nyumba. Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Katika ofisi ile hakuna aliyevua viatu, hata wakulima waliotoka shambani waliingia na matope yao. Lakini mlangoni pa konseye palikuwa na jozi moja nyeusi, soli imetiwa kiraka, ncha zimetazama barabara. Nilimwachia karani mapazia na sikungoja malipo.

Alhamisi iliyofuata nilitafuta sababu ya kupita pale. Viatu vilikuwepo. Na iliyofuata pia. Jumatano alisikiliza, Alhamisi alikwenda. Sikuhitaji mtu wa kunijumlishia.

Nilimwambia Mama.

"Kiongozi hawezi," alisema.

"Nimeona viatu, Mama."

"Labda iko shauri ya kazi."

"Kila Alhamisi?"

Alikuwa anachambua maharage, na aliendelea kuchambua hata sinia lilipokuwa safi.

Baadaye, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu, seremala alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na labda ndiyo sababu aliyatoa yote kwa pumzi moja. Alisema amekuwa akisikiliza redio ya waasi chini ya blanketi, na waliposema askari wameuawa alifurahi, na sasa anaona alifurahia vifo vya watoto wa watu, na anaomba damu ya Yesu imsafishe. Wimbo wa Kiongozi ulianza lakini ulikuwa umechelewa. Wote tulisikia. Mkewe, aliyekuwa ananyonyesha, aliangalia sakafu. Hata hivyo tuliimba, na seremala alikaa chini uso umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa walikuja kumchukua, na hakurudi. Mkewe alizunguka ofisi na magereza akiwa na mtoto mgongoni, na kila mahali aliambiwa hayumo. Kiongozi alimpelekea unga, akakaa kwake, akanywa maji ya moto na kumwombea. Nilipita nikaona viatu mlangoni, nikatema mate. Sikumwambia mjane. Sikuwa na ushahidi ila viatu, na mimi pia nilikuwa na siri iliyohitaji kila mtu anyamaze. Mimi na Mama tuliacha kwenda Jumatano, nikasingizia miguu yake.

Miezi ile ya mwaka wa tisini na nne sitaisimulia hapa, haitoshi katika habari ya mtu mmoja. Nitasema tu kwamba Hajati alitutia kwenye chumba cha nyuma, kati ya magunia ya unga na madumu ya mafuta, akaweka kabati mlangoni na kuwaambia waliokuja kwamba nyumba yake ni ya wanaofunga na kuswali, waingie wakitaka, lakini wavue viatu. Mbele ya nyumba yake, njia panda, kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha barabarani, na vijana wenye mapanga walikaa pale mchana na usiku. Siku moja Mama alisogea kwenye kitundu cha dirisha kupata hewa, na aliporudi aliketi mbali na dirisha.

"Kiongozi amepita," alisema. "Ameniona. Tumeangaliana."

Nilikaa nikingoja. Niliwaza juu ya kiapo chake na kuhesabu hatua za kutoka dirishani hadi bariyeri. Mtu asiyesema uongo, aliyekwisha kumtoa seremala, sasa alikuwa ametuona kwa macho yake, na wakati wowote angeulizwa. Hawakuja siku ile, wala kesho yake. Sikumshukuru yeye. Nilimshukuru Mungu na Hajati, kisha nikaendelea kungoja mpaka Julai, waasi walipouteka mji.

Mwishoni mwa mwaka Kigali ilikuwa imejaa watu waliorudi kutoka Uganda na Tanzania, na Kiswahili cha kila namna kilisikika barabarani. Mdogo wangu alirudi pia, amekonda, mwenye buti kubwa na Kiswahili cha jeshini, akiitika "ndiyo afande" hata kwa Mama. Uongo wetu wa Bujumbura sasa ulikuwa jambo la kujivunia. Majirani waliosalimika walisema walijua siku zote. Mama peke yake hakuona la kujivunia, alisema uongo ni uongo hata kama umeshinda.

Ilikuwa Jumatano alipobisha hodi. Nilipofungua nilimwona Kiongozi akivua viatu. Nywele zilikuwa nyeupe zote, na harufu ya kahawa ilikuwa imemtoka. Aligeuza viatu. Mama alimpa kiti, nami, kwa mazoea tu, nikabandika maji jikoni. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, jinsi tulivyokuwa tukisimama zamani.

"Nimekuja kutubu," alisema. "Nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu. Vijana wa bariyeri waliniuliza, 'Mushonaji na mama yake wako wapi? Wewe unawajua.' Mimi nilikuwa nimetoka kukuona, Mama, kwa dirisha ya Hajati. Nikawaambia mumekimbia Gitarama, nimewaona kwa njia. Nimesema uongo. Tangu niokoke ni ile moja. Nimeshindwa kulala."

Mikono imelegea, alingoja wimbo. Alikuwa anamaanisha kila neno. Nilimtafuta usoni mtu anayedai kushukuriwa, nikamkosa. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa sababu tulikuwa hai.

Mama alikuwa analia. Aliinua mikono yake kuanza kupiga makofi.

"Umebakiza," nilisema.

Mikono ya Mama ilisimama hewani. Kiongozi aligeuka akaniangalia.

"Nimesema yote, Dada."

"Seremala."

"Seremala?" Alifikiri. "Ile haikuwa uongo. Konseye alikuwa ananiita kila Alhamisi. Anauliza, 'Jana walisema nini?' Mimi sisemi uongo, kwa hiyo nilikuwa namwambia. Nani amelewa, nani amezini. Ndiyo maana niliimba, ili nisisikie ingine. Nisiposikia, sina ya kusema. Mama nilimuwahi. Seremala alisema haraka, sikumuwahi."

"Na ukaenda ukasema."

"Niliulizwa. Nilijibu kweli."

Alisema hivyo kwa upole, akinifafanulia, na nilitamani kumpiga. Miaka yote nilimshuku kuwa ni mwongo aliyejivika utakatifu. Kumbe sikumshuku vya kutosha. Alikuwa mkweli mpaka ndani, na ukweli wake aliulinda kuliko alivyomlinda mtu aliyekuwa anampa kiti.

Mama alishusha mikono akaiweka mapajani.

"Miaka miwili nilifikiri Mungu amenifunga mdomo," alimwambia. "Kumbe ni wewe. Hiyo sawa, nimekusamehe, mutoto wangu iko hai. Na uongo ya bariyeri, mimi siwezi kukuimbia. Sijui kama ni dhambi, na kama ni dhambi mimi ndiyo nimeikula. Lakini mke wa seremala iko pale chini, nyumba ileile. Bado anauliza nani alisema. Enda umwambie hiyo kweli yako."

"Mama, ataniua."

"Labda. Akikuimbia, rudi hapa. Na sisi tutaimba."

Maji yalikuwa yamechemka, na hakuna aliyeyafuata. Kiongozi alisimama akiangalia sakafu. Midomo yake ilicheza, nikadhani anaomba, kisha nikasikia anajaribu maneno ya kumwambia mjane, anaanza, anaacha, anaanza tena. Hatimaye alikwenda mlangoni, akaingiza miguu katika vile viatu vilivyokwisha kutazama njia, akatoka.

Kutoka langoni kwetu, ukipanda kulia unafika barabara kubwa na magari ya kwenda popote. Ukishuka kushoto unafika kwa mjane. Alisimama hapo katikati, nami nimemfuata hadi langoni. Mama aliniita nirudi ndani nisimwaibishe mtu wa Mungu. Sikurudi. Nilimwona anashuka kushoto, taratibu, akishika ukuta, na bado sikumwamini, nikabaki nimesimama langoni mpaka nikaisikia sauti yake ikipiga hodi.